"Te afeito" au "te afeitas"? Jibu kwa kinyozi wa Nungwi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kinyozi, nina saluni ndogo Nungwi, na msimu wa wageni ukifika wateja wangu wengi ni Wahispania na watu wa Amerika ya Kusini. Kihispania najifunza kwa simu. Kitenzi cha kunyoa nimekikariri chote: me afeito, te afeitas, se afeita. Juzi mgeni kakaa kitini, nikamuuliza "¿Te afeitas?", nia yangu nimnyoe ndevu. Akajibu "Sí, cada mañana", halafu akabaki kunitazama. Nimekosea wapi? Mwingine wa Meksiko alisema "rasurar", hilo "afeitar" hakulitaja kabisa. Lipi ndilo? Na kuna mzee alipomwona rafiki yake ananyolewa alisema maneno marefu, nikaokota "barbas" na "remojar" tu, wakacheka wote. Alisema nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi. Sentensi yako haikuwa na kosa lolote la sarufi. Ni swali zuri, limekamilika, ila si lile ulilokusudia. "¿Te afeitas?" maana yake ni "Huwa unajinyoa?", na mgeni wa watu akakujibu kama alivyoulizwa: ndiyo, kila asubuhi. Wewe ulitaka kusema "¿Te afeito?", yaani nikunyoe? Zimetofautiana mwishoni tu, moja ina -as na nyingine ina -o, lakini hapo mwishoni ndipo panapoonyesha wembe umeshikwa na nani.

Lawama siyo yako. Vitabu vya wanaoanza, na programu za simu vilevile, hufundisha kitenzi hiki ndani ya somo la "shughuli za asubuhi": mtu kaamka, kaoga, kanyoa ndevu, kavaa, katoka. Mtu huyo yuko peke yake mbele ya kioo cha nyumbani, kwa hiyo kila kitenzi anachokitumia kinamrudia mwenyewe. Ndiyo maana ulikariri afeitarse, chenye "se" mkiani, ukaamini hicho ndicho kitenzi chenyewe. Kitenzi chenyewe ni afeitar, kunyoa. Hiyo "se" huja pale tu mnyoaji na mnyolewaji wanapokuwa mtu mmoja. Wewe umesimama nyuma ya kiti, unanyoa ndevu za mwingine kutwa nzima, na somo la mtu wa namna yako halikuandikwa. Basi tuliandike hapa.

Iache ile orodha uliyoikariri, utazame sentensi unayoisema kila siku: ninakunyoa ndevu. Ndani yake mna ni-, ambaye ni wewe kinyozi, mna -ku-, ambaye ni mteja, mna -nyoa, kisha zinafuata ndevu. Kihispania kinasema "Te afeito la barba". Te ni ile -ku- yako. Afeito ni ninanyoa, na -o ya mwisho ndiyo inayobeba ni-. La barba ndizo ndevu. Vipande vyote vimo, na hata -ku- na te zimekaa mahali pamoja, mbele ya kiini cha kitenzi.

Angalia jambo jingine humo. Kinyozi wa Kiswahili hamwambii mteja "ninanyoa ndevu zako". Anamtaja mwenye ndevu ndani ya kitenzi kwanza, ndevu zinafuata bila kumilikishwa mtu. Mhispania naye hasemi "afeito tu barba". Vivyo hivyo husema "me lavo las manos", kama sisi tunavyosema nimenawa mikono bila kuongeza "yangu", maana nani atanawa mikono ya mwenzake? Wanaojifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza huchukua muda mrefu kuacha kutia "yangu" na "yako" kila penye kiungo cha mwili. Na programu nyingi za simu zimejengwa kwa kupitia Kiingereza hichohicho. Ushauri wangu mkubwa kwako ni huu: katika suala la mwili na usafi wake, usipite huko. Toka kwenye Kiswahili uingie Kihispania moja kwa moja.

Kwa hiyo jifunze hivi: me ni -ni-, te ni -ku-, le ni -m-, nos ni -tu-, les ni -wa-. Kisha sikiliza mteja anavyosema. Akija kijana akakuuliza "¿Me afeitas la barba?", anasema utaninyoa ndevu? Wewe ndiye -as, yeye ndiye me. Ukimuuliza "¿Te afeito la barba?", wewe umekuwa -o, yeye amekuwa te. Na "¿Te afeitas?" ya juzi ilimweka yeye pande zote mbili: -as ni yeye, te ni yeye. Ndiyo maana akaelewa kwamba unamwuliza habari za asubuhi zake.

Sasa tuiingie hiyo ya kujinyoa, kwa sababu wateja watakuelezea mambo yao ya nyumbani na utahitaji kuwaelewa. Kiswahili kina ji- moja kwa watu wote: ninajinyoa, unajinyoa, tunajinyoa, wanajinyoa. Kihispania hakina chombo hicho kwa kila nafsi. Kinachukua vilevile vipande vya -ni-, -ku-, -tu-, na kuvirudisha kwa mtendaji: me afeito, kama mtu kusema "ninaninyoa", te afeitas, "unakunyoa", nos afeitamos, "tunatunyoa". Kwetu haisemeki hivyo, kwao ndiyo njia pekee. Shida hutokea kwenye nafsi ya tatu tu. Ukisema lo afeita, msikilizaji anajua yule anamnyoa mtu mwingine. Basi inahitajika alama ya kuonyesha kwamba ananyoa ndevu zake mwenyewe, na alama hiyo ndiyo se: se afeita, anajinyoa. Hiyo se ni ji- ya yeye na wao, pamoja na ya usted na ustedes, ambao nitawafikia. Wanafunzi Waswahili huikosea mara nyingi kwa sababu wanaifanya ji- ya kila mtu, wanasema "yo se afeito" au "nosotros se afeitamos". Ukijisikia unataka kusema hivyo, simama, jiulize mtendaji ni nani.

Kikiwa na kitenzi cha kawaida, kipande hiki hutangulia. Ila ukikutana na umbo la afeitar lenyewe, au afeitando, au amri ya kukubali, kinahamia nyuma na kugandamana na kitenzi: quiero afeitarme, nataka kujinyoa; está afeitándose, anajinyoa sasa hivi; aféitate, jinyoe. Ukikataza kinarudi mbele: no te afeites, usijinyoe. Kihispania kinaandika alama ya mkazo pale neno linaporefuka, kama ulivyoona kwenye aféitate, ili sauti ibaki mahali pake pa awali.

Nimesema tusipite Kiingereza. Hapa pia Kiswahili kina jambo zuri la kukuonyesha, ingawa safari hii mwendo umegeuka. Kwetu vitenzi vingi vya mwili vinaanza na mtu mwenyewe, halafu tunaongeza kiambishi tukitaka kumtendea mwingine: kuoga, kuogesha, kuvaa, kuvisha, kuamka, kuamsha, kulala, kulaza, kukaa, kukalisha. Kihispania kinaanza upande wa pili. Kitenzi kitupu ni cha kumtendea mwingine, na "se" ndiyo inayokirudisha kwa mwenyewe. Bañar ni kuogesha, bañarse ni kuoga. Vestir ni kuvisha, vestirse ni kuvaa. Despertar ni kuamsha, despertarse ni kuamka. Acostar ni kulaza, acostarse ni kulala. Sentar ni kukalisha, sentarse ni kukaa. Mama anayesema "baño al niño" anamwogesha mtoto. Akisema "me baño" anaoga yeye. Wanafunzi wakishaliona hili wanaacha kuiogopa "se", kwa sababu wanajua kazi yake: inafanya kinyume cha -sha yetu. Kunyoa chenyewe ni tofauti na wenzake, maana hata kwa Kiswahili kinaanza na kumnyoa mtu, kama afeitar. Kwa hiyo kitenzi chako cha kazi ndicho chepesi kuliko vyote katika ukoo huo. Tena hakibadiliki katikati, wakati vestir inakuwa me visto na despertar inakuwa me despierto. Hayo mengine utayachukua polepole.

Peinarse ni kuchana nywele, cepillarse los dientes ni kupiga mswaki, maquillarse ni kujipodoa, cortarse las uñas ni kukata kucha. Vyote vinafuata njia hiyohiyo.

Kuna matumizi mamoja yatakayokuchanganya, nikutahadharishe. Mhispania akiingia saluni atasema "quiero cortarme el pelo". Ukifuata kanuni niliyokupa utadhani anataka mkasi ajikate mwenyewe. Hapana. Wao husema "me he cortado el pelo" hata kama kazi imefanywa na kinyozi tangu mwanzo hadi mwisho. Nasi tunasema "nakwenda kukata nywele", au "nimenyoa", na hakuna anayeuliza kama ulijinyoa. Kunyolewa tunalo, ila mara nyingi hatulitumii. Chukulia hivyohivyo.

Tuje kwenye kuuliza ruhusa, maana hilo ndilo hasa ulilokuwa ukilifanya. Kiswahili kinapouliza ruhusa kinabadili a ya mwisho kuwa e: nikunyoe? nikupunguzie? Kihispania kikiuliza kwa mkato hakibadili kitu, kinatumia wakati uliopo wa kawaida: ¿Te afeito? ¿Te corto las puntas? Wewe ulikuwa unatafuta umbo la pekee la "nikunyoe", na halihitajiki. Lakini ukianza na "unataka", yaani "unataka nikunyoe?", basi nacho kinageuza a kuwa e: ¿Quieres que te afeite? Afeita inakuwa afeite, corta inakuwa corte, lava inakuwa lave. Nyoa, nyoe. Ni bahati tu kwamba lugha mbili zisizo na undugu zimekutana hapo, na bahati yenyewe inafanya kazi kwa vitenzi vinavyoishia -ar peke yake, lakini vingi vya saluni ni vya namna hiyo, kwa hiyo itumie.

Hapohapo kwenye e pana shimo. Mswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, takriban kila neno. Kihispania nacho hufanya hivyo mara nyingi, ndiyo maana matamshi yake hayatusumbui: a-FEI-to, bila shida. Ila kinabadili maana kwa kuhamisha mkazo. Afeito, mkazo kwenye fei, ni ninanyoa. Afeitó, mkazo mwishoni, ni alinyoa. Afeite ni nyoe, afeité ni nilinyoa. Ukimwambia mteja kwamba mwenzako alimnyoa rafiki yake jana, na ukatamka afeito, umesema unamnyoa wewe. Sikio letu si zito kwa mambo haya. Mbona barabara ya magari na barábara ya "sawasawa" tunazitenganisha bila kufikiri? Tamka afeito na afeitó kwa sauti, zipokezane, mpaka ya pili ikome kukuvuta nyuma.

Sasa adabu. Kiswahili kina shikamoo, kina mzee, mama, kaka, lakini kitenzi hakibadiliki: mtoto na mzee wote ni u-. Kihispania kinabadili kitenzi. Kijana mwenzako ni tú, na kwake ni te afeito. Mtu mzima usiyemjua ni usted, na usted huchukua maumbo ya yeye: kwake te inakuwa le. "¿Le afeito la barba, señor?" Huko Hispania siku hizi watu huhamia tú haraka, na mgeni aliyevaa kaptura ya ufukweni pengine atakwambia "tutéame", yaani niite tú. Watu wengi wa Kolombia na Meksiko hukaa na usted zaidi. Kwa mtu aliyekuzidi umri anza na usted, hutamkosea. Ukipata Muajentina utasikia kitu cha tatu, vos: badala ya te afeitas atasema te afeitás, mkazo mwishoni. Hulazimiki kuisema, itambue tu.

Kuhusu le na lo kuna mabishano marefu kati ya nchi na nchi, sitakuingiza huko. Ukisema tu "nikunyoe, bwana?" bila kutaja ndevu, Wahispania wengi watasema "¿Le afeito?" na watu wengi wa Amerika ya Kusini watasema "¿Lo afeito?". Lakini ukitaja unachokinyoa, la barba, el bigote (masharubu), el cuello (shingo), basi ni le kila mahali, Madrid hadi Lima. Kwa hiyo taja kila mara. Ni jibu fupi, na kwa kinyozi ni bora pia, kwa sababu mteja anajua wembe unakwenda wapi kabla haujamgusa.

Jambo la mwisho la sarufi, na hili nakuomba ulisome mara mbili. Ukishataja ndevu mara moja, hutazirudia, utasema "nikunyoe au nikupunguzie?". Kwa tú ni rahisi: ¿Te la afeito o te la recorto? Hiyo la ni "hizo", ndevu. Kwa usted ungetegemea "le la", ila Kihispania hakikubali le na la zifuatane. Le inageuka kuwa se: ¿Se la afeito o se la recorto? Se hii si ile ya kujinyoa. Ni le iliyobadili vazi kwa ajili ya jirani yake, bado inamaanisha "wewe bwana". Utaijuaje? Tazama mwisho wa kitenzi. Afeito ina -o, mtendaji ni mimi, na mimi sina se kamwe. Basi se hapo lazima iwe ya mtu mwingine.

Swali lako la pili, la rafiki wa Meksiko, halina lililo kosa. Hispania, Ajentina, Kolombia, Peru, Chile husema afeitar. Meksiko husema zaidi rasurar, na utaisikia Amerika ya Kati pia. Rasurar inatoka kwenye mzizi wa Kilatini wa kukwangua. Afeitar ina asili tofauti: Kilatini affectare, na katika Kihispania cha zamani ilikuwa na maana ya kupamba, kujirembesha. Mpaka leo afeites ni vipodozi vya uso. Kwa hiyo neno lenyewe lilianza kwenye urembo likaishia kwenye wembe. Hata pembe za ng'ombe dume wa mchezoni "hunyolewa": kukata ncha zake kwa siri ili asilenge vizuri huitwa afeitar, na ni udanganyifu uliokatazwa. Usishangae ukilikuta kwenye habari za michezo hiyo.

Mmeksiko akija, mwambie rasurar. Vyote vingine hubaki palepale: ¿Te rasuro la barba? Angalia tu vifaa. Wembe wa plastiki wa kutupa, Mmeksiko anauita rastrillo. Mhispania akisikia rastrillo anafikiria reki ya kukusanyia majani, kwake yeye ni maquinilla au cuchilla. Wembe wako wa kukunja ni navaja, na neno hilohilo ni kisu cha kukunja, lakini mtu aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi haliogopi. Máquina ni mashine, tijera ni mkasi, brocha ni brashi ya povu, espuma ni povu. Kupunguza ni recortar, kuchonga kingo ni perfilar, kipara ni al cero, yaani sifuri. Namba za mashine zinasemwa kama zetu: "al tres por los lados y a tijera por arriba", namba tatu pembeni, mkasi juu.

Depilarse ni kung'oa malaika na vinyweleo vya mwilini, hasa kwa nta, na wanawake wengi hulitumia kwa miguu. Raparse ni kunyoa kichwa chote. Na zingatia idadi: nywele na ndevu kwetu ni nyingi, kwao el pelo na la barba kwa kawaida ni umoja. Los pelos, kwa wingi, ni nyuzi nyuzi zilizotawanyika, kama zilizobaki kwenye kola ya shati. Mteja akikwambia "me estás tomando el pelo", hasemi habari ya nywele, anasema unamtania.

Ya yule mzee imenifurahisha kuliko zote. Alisema, bila shaka, "Cuando las barbas de tu vecino veas pelar, pon las tuyas a remojar". Ukiona ndevu za jirani yako zinanyolewa, zako ziloweke. Si unaijua? Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Methali ni ileile, kwa lugha mbili. Remojar ni kulowesha, na pelar, ambayo jikoni ni kumenya viazi, hapo ni kunyoa. Tazama tuyas na zako: Kihispania hakirudii barbas, kinaacha kimilikishi peke yake kikiwa na alama ya kike na ya wingi ili ujue kinarudi kwenye barbas. Kiswahili hakitaji hata ndevu wala nywele, kinaiachia z- ya zako ibebe habari yote. Na zote mbili zimesimama juu ya jambo unalolijua wewe kuliko mimi: ndevu zilizolowa zinalainika, wembe unapita bila kuvuta ngozi. Anayesubiri zamu hutia maji mapema. Siku mzee akirudi akasema tena, mwambie: "En suajili tenemos el mismo refrán", yaani kwa Kiswahili tunayo methali hiyohiyo. Kisha mpe la kwetu kwa Kiswahili, polepole, na umwonyeshe chombo chako cha maji.

Sasa nikupitishe kwenye kunyoa kumoja, kwa usted, tangu mtu anaingia. "Siéntese, por favor", kaa tafadhali. Hiyo ni sentar tuliyoiona, na se yake ni ya kweli, kwa kuwa anakaa yeye mwenyewe. "¿Qué le hago?", nikufanyie nini? Ndivyo vinyozi wa Hispania wanavyofungua. Atajibu labda "Aféiteme la barba y arrégleme el bigote", ninyoe ndevu na unitengenezee masharubu; umeona me imeganda mkiani kwa sababu ni amri. Kama hajasema, uliza "¿Se la afeito o se la recorto?", kisha "¿Con navaja o con máquina?". Kabla hujaanza, fungua wembe mpya mbele ya macho yake, uinue kidogo, useme "Mire, cuchilla nueva". Maneno matatu, na bega lake utaliona linashuka, maana mgeni aliye mbali na kwao anauwazia sana wembe wa saluni asiyoijua. "Eche la cabeza hacia atrás", laza kichwa nyuma. "No se mueva", usitikisike. Amri ya kukataza, kwa hiyo se imerudi mbele.

Ukifika shingoni, uliza "¿Le molesta?", inakusumbua? Kabla ya spiriti, mtangulizie: "Esto escuece un poco", hii inawasha kidogo. Kwa mtu wa Meksiko au Ajentina badili escuece useme arde. Wembe ukiteleza, usinyamaze ukitafuta sarufi. Sema "Perdone, le he hecho un cortecito", samahani, nimekukata kidogo, huku pamba iko mkononi. Atakujibu "no es nada", si kitu. Kama mteja ni kijana, kila le hapo inakuwa te, kila se la inakuwa te la, na amri zinakuwa siéntate, mira, echa, no te muevas. Fanya mazoezi ya seti moja mpaka ikae, ndipo uingie ya pili. Na uyafanye ukiwa kazini, mkono ukienda, kwa mteja yeyote hata Mswahili, kimoyomoyo: te afeito la barba, te corto el pelo, te limpio el cuello. Utakuwa umeisema mara nyingi kwa siku kuliko mwanafunzi yeyote wa darasani.

Mwishoni shika kioo nyuma ya kisogo chake: "¿Así está bien?", hivi ni sawa? Akisimama akauliza "¿Qué le debo?", unanidai kiasi gani, le hiyo safari hii ni wewe, amekupa usted nawe. Jibu lake halina me wala te: "Son veinte mil chelines", ni shilingi elfu ishirini.